Mlio Katika Injini Niliyoifunga Mwenyewe

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumamosi, injini ilishika. Nilikuwa nimezungusha ufunguo mara mbili bila kupata kitu. Mara ya tatu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia na kuzunguka yenyewe. Niliangalia saa kwa sababu nilitaka kuandika. Kalamu ilikuwa bado hewani niliposikia mlio: tik, tik, tik, tik, mkavu na wa haraka, kama mtu anayegonga sufuria tupu kwa ukucha.

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya zizi na ndoo ya maji mkononi.

"Imewaka," akasema.

"Imewaka."

"Na hiyo inayogonga ni nini?"

"Itanyamaza ikipata joto."

Aliweka ndoo chini, akakunja mikono, akangoja pamoja nami. Injini ilipata joto. Mlio haukunyamaza. Baada ya robo saa aliinua ndoo yake.

"Basi endelea kungoja, mzee. Mimi nina ng'ombe mmoja wa kukama."

Alilitilia mkazo lile "mmoja", na alikuwa na haki. Walikuwa wawili. Mtamba wake, aliyemlea tangu ndama, tulikuwa tumemuuza ili kuikarabati injini hiyo. Alikuwa amebaki yule mmoja tuliyekuwa tukimkama.

Tuliishi nje kidogo ya Kitale, katika ekari nne ambazo wazazi wangu walinunua walipohamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati. Mimi nilikuwa karani wa ghala la mahindi mjini. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine yote niliyoyajua niliyatoa katika vitabu vilivyotumika, na katika kufungua vitu na kuvifunga tena. Mke wangu alifuga kuku wa mayai. Bei ya mayai Bungoma ilikuwa nzuri kuliko Kitale, kwa hiyo kila Jumanne tulijaza trei nyuma ya pikapu yetu ya zamani, gari la Kijapani lililoundwa kabla ya watoto wetu wote kuzaliwa, tukateremka kupitia Webuye hadi Kanduyi, ambako alikuwa na wateja wenye hoteli na maduka.

Miezi kadhaa kabla ya Jumamosi hiyo pikapu ilianza kula oili na kukosa nguvu. Niliamua kuifungua injini mwenyewe. Nilikuwa na kitabu chake cha ufundi, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, kurasa nyingine zikiwa zimeshikana kwa grisi, na nilikisoma kwa msaada wa kamusi muda wa wiki tatu kabla ya kushika spana. Kila boliti niliyoitoa niliiandika katika daftari: imetoka wapi, ina urefu gani, imekazwa kwa nguvu gani. Kazi moja tu sikuweza kuifanya nyumbani, nayo ilikuwa kazi ya mashine. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ilihitaji kusuguliwa, na valvu zilihitaji viongozi vipya, yaani vile vimrija vya chuma ambamo fimbo ya kila valvu hupanda na kushuka. Kazi hiyo niliipeleka kwa fundi mmoja wa Bungoma, aliyekuwa na karakana nyuma ya maduka, upande wa Kanduyi. Nilimchagua kwa sababu moja. Niliambiwa kwamba hukurudishia vipande vyote vya zamani, vikiwa vimefungwa kwa waya, kila kimoja na kibandiko chake. Mtu kama huyo, nilifikiri, tutaelewana.

Alinirudishia vipande vyote. Nikafunga injini, na sasa ilikuwa inagonga.

Nilifanya nilivyojua. Kwanza nilitaka kupima mwendo wa mlio. Kitabu kilieleza kwamba mlio unaotoka kwa pistoni au krenki huja mara moja kwa kila mzunguko wa injini, lakini mlio unaotoka upande wa valvu huja mara moja kwa kila mizunguko miwili. Niliazima kipima mzunguko kwenye gereji ya matrekta, nikaiacha injini izunguke polepole, mara mia sita kwa dakika. Kisha nikachukua karatasi na penseli, nikawa napiga nukta moja kwa kila mlio, sekunde kumi kwa saa yangu ya mkono. Nikahesabu nukta. Hamsini na moja. Nikarudia: arobaini na tisa. Mara ya tatu: hamsini kamili. Hiyo ni mia tatu kwa dakika, nusu ya mia sita. Krenki ilikuwa salama. Ubaya ulikuwa upande wa valvu. Nakumbuka furaha niliyoipata kutokana na nukta zile. Nilimwita mke wangu aje azione.

"Kwa hiyo umejua ni nini?"

"Nimejua ni wapi."

"Sawa. Na ukijua ni nini, utaniita tena."

Juu ya kila valvu pana nafasi ndogo, nyembamba kuliko ukucha, inayoitwa nafasi ya tapeti. Ikiwa kubwa, chuma hugonga chuma. Nilifungua kifuniko, nikapima zote nane kwa jani la kupimia, ukanda mwembamba wa chuma, injini ikiwa moto, kama kitabu kinavyoagiza. Zilikuwa sawa. Nilizipima tena Jumapili baada ya ibada, tena Jumatatu jioni, tena Jumatano. Kisha nikafanya jaribio linalojulikana: injini ikizunguka, unaingiza jani jembamba katika kila nafasi, moja baada ya nyingine, na ile yenye kosa hunyamaza. Hakuna iliyonyamaza. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya kifuniko, mpini sikioni. Mlio ulikuwa pale. Niliusogeza mbele, nyuma, katikati. Ulikuwa kila mahali.

Wiki hiyo mlio ulihamia kichwani mwangu. Ghalani niliusikia katika mashine ya kushona magunia. Kanisani, kwaya ilipoanza kutikisa kayamba, nilijikuta nimetoa saa na kuhesabu, mpaka mke wangu akanigusa kwa kiwiko.

Siku ya Alhamisi nilifikia uamuzi, na naueleza hapa kama nilivyouandika kwenye daftari. Mlio unatoka upande wa valvu. Nafasi za tapeti ni sawa. Kwa hiyo kilichobaki ni viongozi vya valvu: kimoja kimelegea, na valvu inayumba ndani yake. Viongozi sikuviweka mimi. Viliwekwa Bungoma.

Niliridhika na hoja hiyo kiasi kwamba niliitangaza. Nilipita kwenye duka la spea pale Kitale nilikokuwa nikinunua gasketi na oili, na mbele ya wateja watatu nikamwambia mwenye duka kwamba fundi wangu wa Bungoma alikuwa ameniharibia injini.

"Si nilikwambia, mzee?" akasema mwenye duka. "Ati Bungoma! Kitale hakuna mashine?"

Alichukua kikokotoo. Kutoa kichwa cha injini tena, gasketi mpya, viongozi vipya, oili, mkono wa fundi: shilingi elfu kumi na mbili na mia tano. Nilibeba hesabu hiyo nyumbani nikampa mke wangu. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Hizo zinatoka wapi?"

Sote wawili tulijua. Kulikuwa na kitu kimoja tu pale nyumbani chenye thamani kama hiyo, nacho kilikuwa kinacheua nyuma ya nyumba.

"Sikiza," akasema. "Jumanne tunapeleka mayai. Gari inatembea, ama haitembei?"

"Inatembea."

"Basi tutapita kwa huyo fundi. Ukisikia kwa mdomo wake kwamba yeye ndiye aliharibu, atalipa yeye. Kama si yeye, ng'ombe nitamtoa mimi mwenyewe, na sitasema kitu. Lakini simtoi kwa sababu ya daftari."

Tulishuka Jumanne na trei arobaini. Nilienda polepole, dirisha likiwa wazi, nikisikiliza. Kwenye vilima vya kabla ya Webuye gari lilikosa nguvu kidogo, nikasema ni kwa sababu injini mpya bado ni ngumu. Upande wa Bokoli mke wangu alisinzia. Mimi nilikuwa nikipanga maneno: nitasema nini kwanza, nitaonyesha ukurasa upi. Simu za mkononi zilikuwa ndio zimeanza kuenea kwetu, na ningeweza kumpigia mapema, lakini sikutaka apate nafasi ya kujitayarisha. Hivyo ndivyo nilivyomfikiria.

Mke wangu aliteremka na mayai yake Kanduyi. Mimi nikaingia karakana saa nne kasorobo.

Fundi alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na minane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa akisukuma vumbi la chuma kwa brashi kutoka kwenye mashine yake kubwa. Hakuharakisha. Alimaliza, akanipa kifundo cha mkono kwa sababu kiganja kilikuwa na oili.

"Mulembe, mzee. Habari ya Kitale?"

"Kitale ni nzuri. Injini si nzuri."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nukta hamsini, majani, viongozi. Nilisoma kutoka kwenye daftari kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Vijana wawili waliokuwa nje wakinoa visu vya posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi, waliacha kazi wakatazama. Nilitegemea abishe. Mafundi wote niliowajua, ukiwaambia kazi yao ina kosa, kwanza hukuuliza ulitumia oili gani, pili nani mwingine ameigusa, tatu wanakumbuka safari.

Huyu alitoa miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Ulisema viongozi?"

"Viongozi."

"Haya. Tuanze na kazi yangu."

"Husikilizi kwanza?" nikauliza. Injini ilikuwa bado inazunguka pale nje, ikigonga kwa bidii.

"Hapana. Zima." Akaanza kukunja mikono ya ovaroli. "Nikianza kusikiliza, nitaanza na yako. Na kila injini ya mtu huwa na makosa yake, siwezi kukosa moja. Nikiipata hiyo nitafurahi, nitakwambia, 'Unaona, mzee, ni wewe.' Halafu yangu itabaki imejificha nyuma pale. Tuanze na yangu tuimalize."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi alivyoyasema. Nimekutana na watu wenye shahada ambao hawajapata kuyafikia.

Alichofanya baadaye sikuwa nimekiona katika kitabu chochote. Nilidhani ili kupima viongozi ni lazima kichwa cha injini kitolewe, na ndiyo maana ile hesabu ya Kitale ilikuwa kubwa. Yeye alitoa plagi ya silinda ya kwanza, akachukua kamba laini ya katani, urefu wa mikono miwili hivi, akaanza kuisukuma ndani kupitia tundu la plagi, kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Akaacha ncha nje. Kisha akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikapanda na kuibana kamba dhidi ya valvu. Sasa valvu hazingeweza kuanguka ndani. Akatoa springi zake kutoka juu, kichwa kikiwa palepale kilipo, akashika fimbo ya valvu kwa vidole viwili na kuitikisa. Kushoto, kulia. Mbele, nyuma.

"Shika."

Nilishika. Haikuyumba hata kidogo. Ilizunguka katika kiongozi chake kwa ulaini wa kisu katika siagi.

"Hiyo ni moja," akasema, akaandika namba ukutani kwa chaki.

Valvu zilikuwa nane. Kwa kila moja alirudia yote: kamba, pistoni, springi, vidole, chaki. Baada ya ya tatu nilimwambia kwamba nimeridhika.

"Wewe umeridhika," akasema. "Mimi bado."

Mteja alikuja na krenki ya pikipiki. Akaambiwa arudi kesho. Mwingine alikuja akitaka shafti ya mashine ya kusaga, akalalamika kwamba watu wanamngoja na mahindi yao. Fundi alimjibu bila kuinua kichwa, "Nikimaliza kesi yangu." Sikumsikia akilitaja neno hilo tena. Mimi ndiye niliyelisikia tena na tena, nikiwa nimesimama pale na daftari langu kwapani.

Saa nane na dakika tano alama ya nane ilikuwa ukutani. Viongozi vyote vilikuwa sawa. Alikuwa ametumia zaidi ya saa nne kupima kazi ambayo alikuwa ameshalipwa, kwa sababu ya hoja ya karani wa mahindi. Alirudisha springi ya mwisho, akanawa mikono kwa petroli na sabuni.

"Sasa naweza kusikiliza," akasema.

Kando ya karakana palikuwa na hoteli ya mabati, meza mbili. Fundi aliweka kichwa mlangoni.

"Mama, nipatie mwiko."

"Mwiko gani?" Sauti ya mwanamke ilitoka ndani ya moshi. "Ule wa juzi ulirudi na oili. Wateja wakaniuliza kama ugali yangu inatembea na dizeli."

"Si nilinunua mwingine?"

"Ulinunua mdogo, wa kupika uji. Wewe fundi unadhani napikia kuku?" Hata hivyo mwiko ulitokea mlangoni, mkubwa, mweupe kwa kuoshwa, na mkono ulioushika haukuuachia haraka. "Ukirudi na oili, leo utakula hiyo ugali wewe mwenyewe, na huyo mzee wako wa daftari."

Nikawasha injini. Tik, tik, tik, tik. Fundi aliweka ncha pana ya mwiko juu ya kifuniko cha valvu na mpini sikioni. Nilimwambia kwamba nami nilisikiliza hapo hapo, kwa bisibisi.

"Bisibisi ni kama jirani mwenye mdomo," akasema. "Chuma inaleta habari ya kila nyumba, huwezi kujua nani amesema. Mbao inaleta ya karibu tu." Akasogeza mwiko. Akatikisa kichwa. Akausogeza chini, ubavuni mwa injini, polepole, kama daktari kifuani mwa mgonjwa. Akapitia upande wa bomba la moshi. Akaja upande wa pili. Hapo alisimama, akafumba macho, akasogeza mwiko kiasi cha upana wa kiganja, akasimama tena. Alinyoosha mkono.

"Nipe daftari."

Nilimpa. Alikaa juu ya rimu ya trekta akaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza, akifuata mistari kwa kidole. Sikuwahi kumwona mtu akisoma daftari langu kwa makini hivyo. Watoto wangu hulicheka, mke wangu hulikwepa. Alisoma boliti zote. Aliuliza maswali mawili kuhusu pistoni, akaridhika. Alipofika mwisho alilifunga, akalishika kwa mikono miwili.

"Hii ni kazi safi. Sijaona mtu ameandika injini hivi. Sasa niambie, mzee: ni kitu gani umeweka kwa hiyo injini na hukuandika hapa?"

"Hakuna."

"Fikiria."

"Kila kitu cha kitabuni nimekiandika."

"Mimi naulizia kile hakiko kwa kitabu."

Nilitazama ubavuni mwa injini, pale mwiko uliposimama. Kisha nikajua.

Pikapu ile, kabla ya matengenezo, ilikuwa na tabia ya kuzimika Kanduyi mchana. Jua kali, injini moto, na petroli huchemka ndani ya pampu yake hadi isifike kwenye kabureta. Madereva wa kwetu hufunga kitambaa kibichi juu ya pampu, au humwagia maji. Mimi niliona nitafanya vizuri zaidi. Pampu ya gari hilo hukaa ubavuni mwa injini, na kati yake na injini pana kibao cheusi cha kuzuia joto. Nilijiuliza: kikiwa kinene zaidi, si kitazuia joto zaidi? Nilichonga kibao kingine kwa kipande cha mti mgumu kilichobaki tulipotengeneza kitanda, nikakipiga msasa, nikakichemsha katika mafuta ya kitani, nikakiweka juu ya kile cha kwanza. Kilikuwa kizuri. Sikukiandika, kwa sababu daftari lilikuwa la kulinganisha kazi yangu na kitabu, na kitabu hakikuwa na mahali pa kukilinganishia.

Nilimweleza fundi. Hakucheka. Vijana wa visu ndio waliocheka, akawaangalia, wakanyamaza.

"Unene gani?"

"Kama milimita saba."

"Umepima?"

Mimi, niliyepima nafasi za tapeti mara nne kwa sehemu za mia za milimita, nilionyesha unene wa kibao kwa kidole gumba na cha shahada.

Fundi alinieleza kwa mkono wake. Ndani ya injini, ile ile shafti inayoendesha valvu huendesha pia mkono wa pampu; ndiyo maana nukta zangu zilikuwa sahihi. Mkono wa pampu unapaswa kuegemea shafti wakati wote, kama mtoto aliyebebwa mgongoni anavyopanda na kushuka na mama. Kibao changu kilikuwa kimeisogeza pampu nje. Mkono haukufika tena. Uliachwa hewani nusu ya safari, kisha shafti ikaja na kuupiga. Kila mzunguko wa shafti hiyo, kofi moja. Na kwa kuwa uliguswa kidogo tu, ulivuta petroli kidogo tu. Hapo nilikumbuka vilima vya Webuye.

"Lakini hayo ni maneno," akasema. "Tuone."

Alitoa pampu nzima, akafunika tundu lake kwa bati na boliti mbili. Akachukua chupa ya plastiki, akaijaza petroli, akaining'iniza kwenye boneti iliyoinuliwa, mpira mwembamba ukishuka kutoka kwake hadi kwenye kabureta, kama mgonjwa wa wodini anayewekewa maji. Petroli ilikuwa inakuja yenyewe sasa, bila pampu. Akaniambia niwashe.

Injini ilishika. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimeshika usukani, nikisubiri. Kulikuwa na sauti ya upepo wa feni, na mlio mdogo wa tapeti zote nane pamoja, kama cherehani iliyo katika chumba cha pili. Hakukuwa na kingine. Mama wa hoteli alitoka nje na sahani mkononi kuona kwa nini kelele imekwisha.

Fundi aliniletea pampu. Kwenye ncha ya mkono wake palikuwa na alama ndogo inayong'aa, pembeni kabisa, mahali ambapo shafti ilikuwa ikiupiga. Alikitoa kibao changu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Wazo lako ilikuwa nzuri, mzee. Kipimo ndio ilikosa." Akakata kipande cha debe, akakikunja kwa nyundo, akakifunga kiwe ngao ya kuzuia joto lisiifikie pampu. Akarudisha pampu na kibao chake cheusi cha kiwandani na gasketi mpya. "Hiyo ndio ulikuwa unatafuta. Joto huizuii kwa kusogeza pampu. Iwekee ukuta."

Mke wangu alifika saa kumi kasorobo, trei zote zikiwa tupu isipokuwa moja. Alisimama kando ya pikapu iliyokuwa ikizunguka, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ni nani aliharibu?" akauliza.

Fundi alianza kufungafunga spana zake, kama hakusikia.

"Mimi," nikasema.

"Na inafunguliwa tena?"

"Haifunguliwi."

Alivuta pumzi. Kisha akanitazama mimi, daftari, fundi, na alama nane za chaki ukutani, ambazo zilikuwa zinaonekana kutoka pale mlangoni.

"Hizo ni za nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza, akamgeukia fundi. "Hiyo ya kupima kazi yako, bei gani?"

"Hiyo hailipwi, mama. Hiyo nilikuwa najilipa mwenyewe. Kazi ya pampu, gasketi na debe, nipeni mia tatu hamsini."

Nilitoa pesa. Nilitaka pia kumwambia fundi kuhusu duka la spea la Kitale na wale wateja watatu, na nilimwambia, kwa sababu ningeona vibaya zaidi kuondoka nayo. Alikuna kidevu.

"Walikuwa watatu tu?"

"Watatu, na mwenye duka."

"Basi hao wanne utawaambia."

Tulifika Kitale duka likiwa linafungwa. Wateja wale hawakuwapo, na hao niliwatafuta baadaye mmoja mmoja, kazi iliyonichukua majuma mawili. Mwenye duka nilimwambia jioni ile ile. Nilimsimulia kamba ya katani, valvu nane, mwiko, chupa. Alisikiliza akiwa ameshika kufuli, na nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: kama huyo fundi hupokea kazi kutoka Kitale. Nilimwandikia jina na mahali kwenye kipande cha karatasi.

Nyumbani mke wangu alitoa mfukoni ile hesabu iliyokunjwa mara nne, akaitandaza juu ya meza, akaniambia niandike. Elfu kumi na mbili na mia tano. Toa mia tatu hamsini za fundi. Nikapiga mstari.

"Bado," akasema. "Toa mia moja hamsini."

"Za nini?"

"Trei moja niliyomwachia fundi. Ulikuwa unageuza gari, hukuona."

Nikatoa. Tulikuwa tumeokoa shilingi elfu kumi na mbili kamili.